Daktari wa Mama, Mkwe wa Mama

Ubishi wa Jumamosi ile ulianzia kwenye kiti.

Nasimiyu alikuwa amekiweka barazani, karibu na mlango, ili maneno yasipotee njiani. Anti Stellah, mdogo wake mama, akakitazama, akakivuta mpaka pembeni chini ya kamba ya nguo. Nasimiyu akakirudisha. Anti akakigeuza sasa, mgongo ukaelekea mlangoni na mbele ikaelekea zizi la Mungai, mwenye ploti ile ya Mutuini alikopanga Nasimiyu.

"Kwa hivyo atazungumza na ng'ombe," Nasimiyu alisema.

"Azungumze nao. Ng'ombe hawana haya ya kuonwa."

"Anti, mtu ni daktari. Amekuja kueleza ugonjwa."

"Ni daktari wa nani? Si hilo ndilo tunataka kujua leo?"

Kutoka ndani, nyuma ya pazia la mlangoni, sauti ya mama yake, Mercyline, ikawafikia. Ilikuwa imekonda kama mwenyewe, lakini makali yake yalikuwa palepale. "Stellah, kiweke mahali hawezi kuniona, na mimi nisimwone. Mengine mtajua nyinyi."

Basi kiti kikabaki kikitazama ng'ombe.

Nasimiyu alirudi jikoni kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Tangu Jumapili iliyopita hakuwa ametulia mahali pamoja. Kule Westlands, kwenye duka la dobi ambako yeye ndiye mkuu wa kaunta, alimkabidhi wakili mmoja gauni la bibi harusi, na bibi harusi akampa joho la wakili, na hakugundua mpaka simu zilipoanza kulia. Usiku akilala alikuwa akisikia mama akigeuka, naye anageuka. Mama akikohoa, naye anaketi. Aliona kama kwamba mtu amemfunga uzi tumboni na anauvuta kidogokidogo, bila haraka, ili aone atakatika lini.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mama yake alikuja kutoka Kimilili macho yakiwa ya manjano kama kiini cha yai, akijikuna mpaka ngozi inachubuka, mkojo wake rangi ya chai ya mkandaa. Anti Stellah, anayeuza mapazia ya mitumba Kawangware, alimpokea kwenye basi akampeleka moja kwa moja kliniki ya ini na nyongo, ile ambayo Nasimiyu alikuwa amewaambia ni nzuri. Nasimiyu alikuwa kazini. Aliwaambia jina la kliniki, hakuwaambia ni nani anafanya kazi pale. Alidhani wangemkuta mzee Daktari Gichuru, mkuu wa kitengo. Siku ile zamu ilikuwa ya Zedekiah Obuya, mchumba wake.

Zedekiah alimlaza mama yule kitandani, akambonyeza tumbo kulia na kushoto, akamuuliza maswali ambayo mtu huulizwa na daktari peke yake. Kadi ilisema Mercyline Khisa. Nasimiyu hutumia jina la babake, Wanjala. Zedekiah angejuaje?

Jioni, Nasimiyu alipompigia kumwambia kwamba mama yake wa Kimilili amepelekwa kwao, yule mwenye macho ya manjano, simu ilinyamaza hadi akadhani imekatika.

"Nasi," Zedekiah alisema mwishowe. "Nimemshika tumbo."

Hapo ndipo wangesema, na hapo hawakusema. Kwa Wabukusu mkwe hampi mama mkwe mkono. Haketi naye meza moja, hapiti chumba anacholala, na akimwona njiani huenda akaingia shambani mwa watu ili ampishe. Kumwona mwili ni jambo ambalo wazee hulitaja kwa kuinamisha vichwa. Zedekiah hakuhitaji kufundishwa. Kwao Wajaluo ni vivyo hivyo. Baba yake alizeeka bila kujua rangi ya macho ya mama mkwe wake. Lakini wawili hao walijifariji kwamba wazee wa Zedekiah walikuwa hawajaenda Kimilili. Walipangiwa kwenda Desemba. Mkwe ambaye hajajitambulisha bado si mkwe, walisema. Mama apone kwanza. Usiku ule hoja hiyo ilikuwa tamu. Asubuhi ilikuwa imechacha, na bado wakaendelea kuila.

Kisha Jumapili, Anti Stellah akaomba simu ya Nasimiyu atazame picha za harusi ya kanisani. Akatazama, akafurahi, akapitisha kidole mara moja zaidi. Akamwona Zedekiah jikoni kwake Kileleshwa, amevaa aproni ya Nasimiyu yenye maua, ameinua sahani yenye povu kama mtu aliyeshinda kombe.

"Huyu si yule daktari?" Anti aliuliza. "Na hii si aproni niliyokununulia mimi?"

Zedekiah alikuja mchana, kwa miguu. Gari alikuwa ameliacha barabarani kwa sababu ya tope. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo kwa kuinamia meza ya upasuaji, na mikono aliyoibeba mbele yake kwa uangalifu kana kwamba aliazimwa. Nasimiyu alimwona tangu langoni. Hawakuwa wameonana tangu Jumapili. Macho yao yalikutana juu ya ua wa matete, yakakaa, na kwa kitambo kile kifupi moyo wake ulipumzika. Halafu Anti Stellah akakohoa.

Zedekiah alikitazama kile kiti kilivyogeuzwa. Hakuuliza. Alikwenda akaketi, mgongo mlangoni, uso kwa ng'ombe, mikono magotini. Anti Stellah alikuwa amejiandaa kumpa maelezo, na maelezo yakamkwama mdomoni. Nasimiyu aliona uso wake ukilainika, ingawa Anti hakupenda ionekane.

"Mwambie mama namsalimu," Zedekiah alisema.

Anti akageukia pazia. "Anasema anakusalimu."

"Nimesikia. Mimi ni mgonjwa wa ini, si wa masikio. Mwambie nimepokea."

"Anasema amepokea."

"Asante. Muulize kama bado anawashwa."

"Unawashwa?"

"Mwambie tangu waniwekee kile kibomba nyongo ipite, ninalala. Mwambie pia chakula kinashuka, ila hamu ya mboga sina."

Iliendelea hivyo. Ng'ombe mmoja aliinua kichwa akamtazama Zedekiah huku akicheua, na kwa mbali mtu angedhani wawili hao ndio wenye mazungumzo. Mungai alipita na ndoo ya maziwa, akasimama.

"Nasimiyu, mgeni mnamweka nje na nyumba iko?"

"Ni mambo ya kwetu, Mzee Mungai."

"Aa." Mungai alitafakari. "Kwetu mkwe tunamwingiza ndani na kumnyang'anya mbuzi. Kila mtu na desturi yake." Akaenda zake.

Hakuna aliyecheka. Neno mkwe lilikuwa limetamkwa waziwazi, nalo likabaki pale barazani kama mtu wa tano.

"Stellah," mama akasema kutoka ndani, "mwambie daktari aeleze. Yote. Asinipunguzie."

Zedekiah alinyoosha mgongo. Alipoanza kusema, sauti yake haikupanda. Nasimiyu alijua kwamba ndivyo anavyofanya anapokuwa na jambo zito, huliweka chini polepole kama mtungi.

"Ini lina pande mbili," alisema. "Kila upande una mfereji wake wa kutoa nyongo. Ile mifereji inakutana mahali pamoja kama njia panda, halafu inashuka. Uvimbe wa mama uko pale kwenye njia panda, nao umeanza kupanda upande wa kulia. Zamani mtu akiwa na uvimbe mahali pale tulikuwa tunamwekea kibomba tu, tunamrudisha nyumbani. Sasa tunaweza kuutoa. Lakini lazima tuutoe pamoja na upande wote wa kulia wa ini."

"Ni kiasi gani hicho?" mama aliuliza, akamsahau Anti.

Zedekiah akamngoja Anti. Anti akasema, "Anauliza ni kiasi gani."

"Zaidi ya nusu."

Nasimiyu alishika ukingo wa dirisha.

"Na nitaishi na nini?"

"Ndiyo sababu walimwingiza ile sindano wiki tatu zilizopita, chini ya mashine ya picha. Walifunga mshipa unaolisha upande wa kulia. Damu yote sasa inakwenda kushoto. Ule upande mdogo unakua. Kwenye skani ya Alhamisi nimeuona. Umekua vizuri kuliko nilivyotumaini. Tunaufundisha kusimama kabla ya kuuacha peke yake." Alifuta miwani kwa shati. "Siku ya upasuaji kuna dawa ya kijani tunayodunga, na taa ya pekee, mpaka wa kukata unaonekana kama mstari wa penseli. Halafu tunaunganisha mfereji uliobaki na utumbo. Nyuzi zenyewe ni nyembamba, tunavaa miwani ya kukuza. Ni kazi ya kutwa. Sitamdanganya mama kwamba haina hatari. Wengine hawaamki. Wengi wanaamka."

"Na nikikataa?"

"Uvimbe uko karibu na ateri ya upande wa kushoto. Bado haujaigusa. Ukiigusa, si mimi wala mwingine atakayeweza kuutoa."

Anti Stellah alikuwa ameacha kurudia maneno. Hakuna aliyeona.

"Basi nami niseme langu," mama akasema. "Stellah, mwambie nimeelewa. Mwambie anaeleza vizuri, hata mimi wa darasa la saba nimeliona ini langu. Sasa mwambie hivi. Mtu akinipasua, atakuwa ameniona mpaka ndani ambako hata marehemu mume wangu hakuona. Mtu huyo nitamheshimu. Akinitembelea nitamchinjia kuku. Lakini hawezi kumwoa binti yangu. Haiwezekani. Wajukuu wangu wangezaliwa na nini? Na kama anataka kumwoa binti yangu, hiyo pia ni sawa, mimi sikatai Mjaluo..."

"Mimi nakataa kidogo," Anti Stellah alisema. "Mtu wa kisu. Na yeye mwenyewe, kisu cha jando kinamjua?"

"Stellah, nyamaza. Nasema, kama anataka binti, asiniguse tena, na Mungu atajua la kufanya na mimi. Achague. Daktari au mkwe. Hakuna mtu wa katikati."

"Mama," Nasimiyu alisema kwa pazia. "Mficha uchi hazai."

"Hizo methali ni za watu wa pwani, wao wana bahari ya kuogelea. Mimi nina haya zangu, nimekuja nazo kutoka Kimilili, na sitaziacha Mutuini."

Zedekiah aliinuka. Alisema kwa adabu kwamba anaomba kuzungumza na Nasimiyu, pale ua wa matete, mahali ambapo Anti anaweza kuwaona.

Walisimama hapo, Zedekiah akichuma majani ya matete na kuyapasua katikati, moja baada ya jingine. Nasimiyu alitaka kumshika ile mikono aitulize. Hakuweza, Anti alikuwa akitazama.

"Tafuta daktari mwingine," Nasimiyu alisema.

"Nimetafuta. Gichuru aliacha upasuaji wa aina hii, anasema macho yake si ya nyuzi zile tena. Ninayemwamini yuko masomoni Japani, nimemwandikia, hawezi kurudi kabla ya mwaka kwisha. Kumpeleka mama nje, mpaka wampime upya, mpaka wampangie siku..." Hakumaliza. "Ateri ile ningeiona nikifumba macho, Nasi. Nimeichora kwenye kompyuta kutoka pande zote."

"Basi tuseme tumeachana. Mdomoni tu. Umpasue, apone, halafu baadaye..."

"Baadaye mama hatasahau ni nani aliyeona ndani ya tumbo lake. Umemsikia."

"Atazoea."

"Na Jumatatu, Gichuru ataniuliza mbele ya timu yote. Huuliza kila mara: huyu ni nani kwako? Hatupasui watu wetu. Si kwa sababu ya desturi. Mkono ukijua unamshika nani, unaogopa, na pale ndani hakuna nafasi ya kuogopa. Sitaweza kumdanganya. Wala sitaweza kuudanganya mkono."

"Kwa hivyo unaniacha."

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini?"

Alipasua jani jingine. "Nikichagua kumpasua, utasema nilikuacha kwa ajili ya kisu. Nikikuchagua wewe, na mama akafa, utakuwa unaamka kila asubuhi kando ya mtu ambaye angeweza kumwokoa. Siwezi kuchagua mimi. Nimejaribu wiki nzima."

"Kwa hivyo nichague mimi."

"Ndiyo. Nisamehe."

Hasira zilimpanda Nasimiyu, na alizikaribisha, kwa kuwa zilikuwa afadhali kuliko ule uzi wa tumboni. "Woga wako umeuvalisha koti jeupe, Zedi. Umelipiga pasi hata mimi nikadhani ni heshima."

Zedekiah hakujitetea. "Labda ni woga," alisema.

"Ungegombana na mama yangu, hata kidogo. Ungesema tu, nampenda binti yako."

"Kwa mgongo? Huku natazama ng'ombe?"

"Hata kwa mgongo. Kwani unanipenda?"

"Hilo halijawahi kuwa swali."

"Leo ni swali."

Akamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu; hakulala. "Nimekaa pale, Nasi, yule ng'ombe amenipumulia usoni mpaka miwani imepata ukungu, sikuwa na la kufanya ila kukupenda."

Kicheko kilimjia Nasimiyu, kikafika kooni, kikageuka. Akajifunika uso kwa viganja. Zedekiah aliinua mkono, akaushusha. Barabarani kijana wa bodaboda alikuwa akibembeleza injini iwake, na ilikuwa ikikataa.

"Ile sehemu ya ini inayokua," Nasimiyu alisema kupitia vidole. "Inajuaje kwamba lazima ikue?"

"Haijui. Mzigo wote unaelekezwa kwake, basi. Inaubeba."

"Inauma?"

"Kidogo. Wagonjwa husema kama uzito tu. Kisha wanazoea."

Alifuta uso kwa upindo wa kitenge. Alimfikiria mama akiwa amelala mle ndani na haya zake zote, na kile kipande kidogo kinachokua gizani bila kumuuliza mtu. Alimfikiria Zedekiah jikoni Kileleshwa, akiosha vyombo kwa uangalifu ule ule wa kushona mishipa, sahani moja kwa muda ambao mtu mwingine angeosha tano. Alifikiria Desemba. Alijaribu kumwona mama Desemba, na hakumwona. Kisha akajaribu kumwona yeye mwenyewe Desemba bila Zedekiah, akajiona, vibaya, akiwa mkondefu na mwenye hasira, lakini akajiona.

Aliondoka pale uani bila kumwambia neno. Zedekiah akamfuata, akarudi kwenye kiti chake, akaketi kama mwanzo.

Nasimiyu alisimama mbele ya pazia. "Mama."

"Nakusikia."

"Huyu mtu aliye nje si mkwe wako."

Anti Stellah akaacha kukunja nguo.

"Hakuna wazee watakaokuja Kimilili Desemba," Nasimiyu aliendelea. Alishangaa kusikia sauti yake imenyooka hivyo. "Hakuna uchumba. Kulikuwa na urafiki, umekwisha leo. Jumatatu akiulizwa huyu mama ni nani kwako, atasema ni mgonjwa wangu, na atakuwa amesema kweli."

Ndani, kitanda kililia mama alipojaribu kuketi. "Nasimiyu. Hiyo ni kweli, au ni dawa unanipa?"

"Ni kweli."

"Niapie."

Alitamani mama asingeomba hilo. Nyuma yake Zedekiah hakutikisika. "Kwa kaburi la baba," Nasimiyu alisema.

Anti Stellah akashika kinywa. Kwa Wabukusu, kaburi la baba halitajwi kwa mchezo, na mtu aliyeapa juu yake hana mlango wa nyuma wa kutokea.

Mama akasema, kwa upole kuliko alivyokuwa amesema mchana wote, "Basi daktari aje anitazame. Tangu kile kibomba kiwekwe hajanipima."

Nasimiyu alishika pazia akaliinua mpaka juu. Hakuwa amewahi kumwita Zedekiah kwa jina lile, hata kwa utani.

"Ingia, daktari."

Zedekiah aliinuka. Kwa mara ya kwanza tangu afike aligeuka akautazama mlango. Alivua viatu, akavipanga kando ya viatu vya mama, akainamisha kichwa asigonge kizingiti. Alipita karibu na Nasimiyu kiasi cha yeye kusikia harufu ya sabuni ya hospitali shingoni mwake, ile ambayo haikutoka hata akiogaje, na ambayo yeye alikuwa ameizoea mpaka akaipenda. Alipita bila kumgusa. Pazia likaanguka.

Nasimiyu alibaki nje, ameshika ukuta. Akasikia sauti ya Zedekiah ikisema lala chali, mama, kunja magoti kidogo. Vuta pumzi. Hapa panauma? Na hapa? Akasikia mama akijibu, ndiyo daktari, hapana daktari, kwa sauti ya msichana mtiifu. Anti Stellah alikuja akasimama kando yake, bega kwa bega. Akamwekea tu kitenge chake mabegani, ingawa hakukuwa na baridi.

Zedekiah alipotoka alivaa viatu kwa muda mrefu, ameinama, kamba zikimshinda. Kisha akasimama, akasema maneno yake kwa utaratibu. Waje Jumatatu asubuhi mapema. Mama asile chochote tangu usiku wa manane. Waje na ndugu mmoja wa kutoa damu, au wawili. Homa ikimpanda kabla ya hapo, wasingoje, wapige simu ya wodi.

"Simu ya wodi," Nasimiyu alisema.

"Ndiyo. Nitakuwa..." Akaacha. "Kuna mtu kila wakati."

"Sawa. Asante, daktari."

Akasimama kidogo zaidi, kama mtu anayengoja kuitwa jina lake jingine. Lilikuwa pale ulimini mwa Nasimiyu, silabi mbili tu. Akalimeza. Zedekiah akamuaga Anti, akaenda zake, akikwepa tope, na hakugeuka langoni. Baadaye wakasikia gari likiwaka huko barabarani, likakaa mahali pamoja likinguruma kwa muda ambao hauna maana kwa gari, ndipo likaondoka.

Anti akaingia jikoni kubandika chai. Nasimiyu akarudisha kiti ndani.

Mama alikuwa amelala, shuka limevutwa mpaka kidevuni. Manjano ya macho yalikuwa yamefifia. Yalikuwa macho yake ya zamani sasa, yale yasiyopitwa na kitu. Alimfuata binti yake akiweka kiti mahali pake, akikisogeza, akikisogeza tena.

"Ana mikono mizuri," mama alisema.

"Wanasema hivyo."

"Haitetemeki."

"Ndiyo."

"Siku ile kliniki alinitazama usoni kwa macho makavu. Alinichekesha hata. Aliniuliza kama Kimilili bado tunajua kupika lisebebe, ile mboga ya majani ya maboga, nikamwambia aje ale." Mama alitafuta pumzi. "Leo ameniambia nitazame dari. Nikadhani ni kwa ajili ya kupima macho. Akamaliza macho, akaja tumboni, bado anasema, tazama dari, mama. Nimetazama dari mpaka nimejua kila doa. Nikajaribu kushusha macho nimwone. Amegeuza uso ukutani, Nasimiyu. Mikono inapima, uso uko ukutani."

Nasimiyu alikuwa ameacha kukisogeza kiti.

"Daktari hafanyi hivyo," mama alisema. "Anayefanya hivyo namjua. Kwetu namjua tangu nikiwa msichana." Mkono wake ukatoka chini ya shuka, mkavu, ukatafuta wa binti yake na kuushika. "Niambie. Huyo aliyeingia humu ndani ni nani?"

Jikoni, Anti Stellah aliangusha kifuniko, kikazunguka sakafuni, kikatulia.

Nasimiyu alimwekea mama mto vizuri nyuma ya shingo. Akamfunika bega lililokuwa wazi.

"Ni daktari wako, mama," alisema. "Lala. Jumatatu tunaamka mapema."